Luku ya Morse Road na Wakwe wa Louisville

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Aibu! Aibu kubwa, na mbele ya Mugisho.

Tumetoka kanisani. Mugisho wa ghorofa ya juu na mkewe Chimène wakateremka kunywa chai kwetu. Si mimi niliyewaalika. Ni Fides, mke wangu. Yeye hualika mtu yeyote mwenye miguu. Nilikuwa nawaeleza habari za wakwe. Binti yetu Angelika anaposwa Jumamosi ya tarehe 18. Wakwe wanatoka Louisville, na msemaji wao ni Mzee Gaspari, baba mkubwa wa kijana, anayekaa Riverside kule Buffalo. Mzee mgumu. Inasemekana mwaka jana aliondoka kwenye posa ya watu wa Kenmore, jirani na Buffalo, kabla ya chakula, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa anachungulia simu. Nikamwambia Mugisho sisi hatuna wasiwasi. Nyumba yetu ni ya heshima.

Hapo hapo luku ikalia. Pii! Pii! Pii!

Kampuni ina jina refu la boksi lile, lakini sisi tunaliita luku, kama kule Kasulu. Limefungwa ukutani jikoni. Unalipa kwanza, unawasha baadaye. Salio likipungua linalia, na kilio chake kinafika mpaka kwenye maegesho ya magari. Tulifungiwa tulipofika Amerika kwa sababu hatukuwa na historia ya kulipa bili. Historia! Mimi nina historia ya kujaza makabati. Kumbe si hiyo wanayoitaka.

Mugisho akaweka kikombe chini. "Bon, Baba Angelika, ile kitu yako iko nalia. Haijakula tangu lini?" Chimène akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Kisha Mugisho akaeleza, bila kuombwa, kwamba yeye luku aliondolewa zamani. Ana mita ya kawaida. Analetewa bili mwisho wa mwezi kama mtu mzima. Na juzi juzi amebadilisha hata kampuni inayomuuzia umeme. Hapa Ohio unachagua muuzaji, anasema, kama unavyochagua duka la unga. Yeye amechagua wa bei nafuu, donc analala usingizi.

Fides akasema kesho tutaweka umeme, yataisha. Hayataisha! Ikilia siku ile, Mzee Gaspari akiwa katikati ya maneno yake? Atasema binti anatoka nyumba yenye njaa. Atanyanyuka, atachukua kofia, na Angelika wangu atabaki amesimama na kitenge chake kipya.

Nimeamua. Kabla ya tarehe 18 nabadilisha muuzaji wa umeme. Na wangu atakuwa nafuu kuliko wa Mugisho.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimetoka kazini ghalani nikapanda basi mpaka Morse Road, duka la Mama Esperance, ninaponunuaga umeme wa luku. Mlangoni nani? Ruberwa! Ana meza, mwavuli, tableti na kalamu za bure. Mwaka juzi alikuwa anauza simu. Kabla ya hapo alikuwa nabii. Sasa anauza umeme.

Akanifafanulia vizuri sana. Kampuni ya nguzo na nyaya haibadiliki. Kinachobadilika ni muuzaji tu. Nikauliza umeme mpya utapita waya gani. Ule ule. Basi utajuaje kwamba unakuja kwangu na si kwa Mugisho? Akasema unajua. Nikauliza ule wa zamani uliobaki ndani ya waya utachanganyika na mpya? Akasema hayo tuwaachie mainjinia.

Akaomba bili yangu. Sina. Luku haitoi bili, inatoa kelele. Ruberwa akafunga tableti taratibu, kama daktari aliyeona picha mbaya. Mwenye luku hawezi kubadilisha muuzaji mpaka kwanza aondolewe kwenye luku, awekewe mita ya kawaida. Nipige simu kampuni, niombe, kisha nirudi kwake. Akaniongezea shauri moja: salio litakalobaki ndani ya luku siku ya kuondolewa, kurudishiwa ni kazi. Nisiache kingi mle.

Shauri la dhahabu! Mama Esperance akauliza niweke umeme leo kama kawaida? Nikacheka. Nikamwambia kuanzia leo luku haipati hata senti yangu. Tutamaliza kilichomo, tutaagana.

Nyumbani Fides akauliza kama nimeweka umeme. Nikasema suala linashughulikiwa. Angelika akainua uso. Alikuwa ametoka kazini, anatunza wazee, na akichoka nami husema Kiingereza. Akasema kwa Kiingereza kwamba umeme unawekwa kwa simu, ni kubonyeza tu, na kwamba ananiomba kitu kimoja maishani: nisifanye lolote mpaka wageni waje, wale, waondoke. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikamuahidi kwa moyo wote.

Kisha nikazunguka nyumba nikichomoa vitu. Maikrowevu, nimechomoa. Feni, nimechomoa. Taa ya Fides ya kusomea Biblia, nimechomoa, nikamkumbusha kwamba mistari mingi anaijua kwa kichwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepiga simu! Na nimeshinda!

Niliomba ruhusa kazini nikasema nina mgonjwa. Mashine ikapokea, nikachagua Kiswahili. Akaja mwanamke wa kampuni, na nyuma yake mkalimani. Huyo mkalimani! Sauti ya taratibu, ya kike, ya mtu aliyewahi kufundisha shule. Kiswahili chetu kabisa, cha kambi za wakimbizi. Akajitambulisha kwa namba tu. Akasema atatafsiri kila kitu, hataongeza wala kupunguza, na yote yatabaki siri. Nikajisikia nyumbani.

Wakauliza jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa. Tarehe mosi Januari, bila shaka. Sisi wote tulizaliwa tarehe mosi Januari. Karani wa kambi hakuwa na subira na siku nyingine. Halafu wakauliza sababu ya kupiga simu.

Hapo ndipo ujuzi unapoonekana. Mimi nimehojiwa sana maishani. Ofisa akikuuliza sababu, anataka yote tangu mwanzo, kwa mpangilio, bila kuruka. Walioruka tuliwaona: waliambiwa warudi mwaka unaofuata. Kwa hiyo nikaanza 1993, mwaka tuliokimbia vita. Nani alibeba sufuria, nani alibeba bibi, tulilala wapi, mvua ilinyesha kutoka upande gani. Mwanamke wa kampuni alijaribu kuingia kati nilipofika Kasulu. Nikamuomba avumilie, ndege ilikuwa bado. Mkalimani alitafsiri yote. Nilipofika kwenye kifo cha bibi, sauti yake ilitetemeka. Mtu wa kazi yake kweli.

Nilipofika kwenye luku nikaona nimuongezee huruma kidogo. Nikaeleza posa ya tarehe 18. Nikasema wakwe wa Louisville ni watu wa kujisikia. Hasa mama wa kijana. Sijawahi kuonana naye, nimemuona kwenye picha tu, mdomo ameubana. Nikasema yule ni mwanamke wa kuonja sufuria za watu na kusema chumvi haijatosha.

Hapo mkalimani akanikatiza.

"Mkalimani anaomba mzungumzaji arudie sentensi ya mwisho."

Mzungumzaji ni mimi! Nililipenda sana jina hilo. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikaongeza na habari ya miwani yake. Akatafsiri. Mwanamke wa kampuni akasema sawa.

Jibu: watatuma fundi wiki ijayo, ataondoa luku na kufunga mita. Baada ya hapo nachagua muuzaji ninayemtaka. Ila nisiache salio liishe. Nikasema ndiyo. Nikauliza: wakati nikisubiri, naruhusiwa kulifunika boksi kwa mto na kutundika kalenda juu yake, lisilie mbele za watu? Wakasema hawashauri. Hawakusema ni marufuku.

Mwishoni nikamwambia mkalimani ana roho nzuri, na laiti wakwe zangu wangekuwa na mama wa namna yake. Akasema mkalimani anashukuru.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mbuzi wamepatikana. Mimi na rafiki yangu Zenoni tumekwenda shambani nje ya mji, wakachinjwa, wakakatwa, sasa wamejaa kwenye friza mpaka kifuniko kinagoma. Zenoni ndiye msemaji wetu. Siku ya posa baba wa binti hasemi, anakaa tu na kupendeza, kwa hiyo msemaji ndiye kila kitu. Zenoni ni mtu mpole, akisimama mbele za watu anatokwa jasho. Nimemchagua kwa sababu moja kubwa: si Mugisho.

Mugisho amesikia habari za nyama. Ametuma ujumbe kupitia Chimène kwamba friza lake lina nafasi, na umeme wake haukatikikatiki. Nimekataa kwa adabu. Nimesema afadhali nile nyama yote leo.

Mchana nikaishughulikia luku. Mto wa Fides, kitenge cha zamani, gundi ya karatasi, na juu yake kalenda ya kanisa. Kalenda imetokeza kama ina mimba. Lakini nimeweka sikio: husikii kitu! Luku inaweza kulia mpaka ikauke koo.

Fides ameuliza mto wake uko wapi. Nimesema tuutafute pamoja.

Jumatano, 15 Oktoba

Mafundi wa siku hizi hawana mafunzo.

Alikuja leo, mimi nikiwa ghalani. Fides alikuwa amelala, maana anafanya zamu ya usiku kiwandani. Akamfungulia akiwa nusu usingizini. Fundi akaingia jikoni, akauliza boksi. Fides akaonyesha kidole kwenye kalenda. Fundi akadhani anaambiwa tarehe. Akaangalia tarehe, akaangalia karatasi yake, akasema ndiyo, ni leo, boksi liko wapi? Fides akaonyesha kalenda tena. Fundi akazunguka kuta zote, akafungua mpaka kabati la vyombo, akaandika kwamba nyumba hii haina boksi lolote, akaondoka.

Angelika alinisomea kile kikaratasi. Fundi atarudi wiki ijayo. Baada ya posa! Akaniuliza niliahidi nini. Nikamwambia tatizo ni elimu ya ufundi nchini humu. Hakucheka. Amekwenda kukaa kwa mke wa Zenoni asukwe nywele hadi Jumamosi, na alipofunga mlango alisema anaogopa. Si wakwe. Ananiogopa mimi.

Hilo liliniuma. Sitaficha.

Fides kasema ng'oa hiyo kalenda uweke umeme. Nikasema kesho. Na kwa kweli luku ina siku nyingi haijalia. Ingekuwa na njaa si ingelia?

Ijumaa, 17 Oktoba

Msiba!

Nimerudi kutoka kazini, nyumba kimya. Friji kimya. Friza kimya. Nikaweka sikio kwenye kalenda: kimya. Nikabonyeza taa, hola. Luku imelia chini ya mto mpaka salio likaisha, na mimi hapa nikisifu utulivu wake.

Nikafungua friza. Mbuzi bado wa baridi, lakini wameanza kulegea na kutoa jasho. Maji sakafuni. Wakwe wanaondoka Louisville alfajiri.

Ningeweza kutembea mpaka kwa Mama Esperance nikaweka umeme. Ni karibu. Nilivaa hata kiatu kimoja. Kisha nikafikiri. Nikiweka leo, wiki ijayo fundi ataikuta luku imeshiba, na salio langu litapotelea mle kama alivyosema Ruberwa. Nimejinyima siku kumi, nikubali kushindwa siku ya mwisho? Nikavua kiatu.

Ekstensheni ninazo nyingi.

Mugisho alikuwa kibarazani kwake anatafuna karanga, kama mtu aliyekata tiketi. Alielewa kabla sijafungua mdomo. Akatafuna moja zaidi. "Hakuna problème, Baba Angelika. Donc kesho mimi njo nitasemea famille."

Nilifikiria heshima yangu. Nilifikiria mbuzi. Nikakubali.

Waya umeshuka kutoka dirisha la jikoni kwake mpaka dirisha la jikoni kwetu. Friza linanguruma. Nimempigia Zenoni kumpa pole. Akaimba! Amesema hajalala tangu nimpe ile kazi.

Fides aliporudi kutoka dukani akauona waya. Akakaa kwenye kiti bila kuvua koti. Akauliza kama nimeweka umeme. Nikasema nimeweka, ila unachukua muda kufika. Akanitazama. Kisha akabeba sufuria zake, akapanda juu kupika kwa Chimène. Hakugombana. Fides akigombana ninajua la kufanya. Akinyamaza sijui.

Jumamosi, 18 Oktoba, jioni

Lazima niandike yote.

Wamefika mchana, gari limejaa, na Mzee Gaspari amekuja kivyake kwa basi kutoka Buffalo, suti nyeusi, kofia, uso wa mtu anayekagua daraja. Tukawapanga sebuleni. Waya nimeupitisha nyuma ya pazia: friza, redio, taa ya mapambo. Kila kitu kinawaka. Wali na mboga vinamalizikia juu kwa Chimène.

Mama wa kijana akaingia wa mwisho. Béatrice. Miwani ile ile, mdomo ule ule. Akanishika mkono. Akasema, "Tumefika salama, Baba Angelika. Tunashukuru."

Ile sauti.

Nikajiambia hapana. Sauti za watu zinafanana. Nikampa soda. Fides akamuuliza kitu kutoka jikoni, naye akajibu taratibu, "Samahani, naomba urudie." Soda iliyobaki kwenye trei nikaimwaga yote kwenye kiatu cha Mzee Gaspari.

Nikamuuliza kijana, kimya kimya, mama anafanya kazi gani siku hizi. Akasema anakaa nyumbani, anapokea simu, anawatafsiria watu wa hospitali, shule, kampuni za umeme.

Kampuni za umeme!

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Mugisho alisimama kusema. Alianza na bon, akaeleza safari yake mwenyewe tangu Bukavu, sauti yake ya besi kwenye kwaya, mita yake, muuzaji wake mpya. Binti alimtaja akikaribia mwisho. Mzee Gaspari akasimama kujibu. Akaanza na hadithi ya ng'ombe, kama inavyotakiwa kwetu kwenye posa, na alikuwa amemfikisha ng'ombe mtoni, pole pole, watu wote wanatikisa kichwa, wakati Chimène kule juu alipowasha oveni na kikaango pamoja. Swichi kuu ya Mugisho ikaruka.

Redio, kwisha. Taa za mapambo, kwisha. Friza likajitikisa, likatulia.

Mzee Gaspari akamuacha ng'ombe mtoni. Akauliza nyumba hii haina umeme? Baba wa binti hasemi, lakini mimi nikasema. Nikasema mtaa mzima umekatika, ni jambo la kawaida huku Northland. Akasogea dirishani. Ng'ambo ya barabara taa za duka zilikuwa zinawaka. Akavuta pazia zaidi na akauona waya. Akaufuata kwa macho mpaka juu kwa Mugisho.

Akachukua kofia yake.

Angelika alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, nywele zimesukwa vizuri, kitenge chake kipya. Hakunilaumu hata kwa uso. Alikuwa kama mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo. Niliona aibu mpaka kwenye nyayo.

Béatrice akainuka. Hakumuuliza mtu njia. Akaenda moja kwa moja jikoni, kwenye kalenda ya kanisa, akaitoa. Akatoa kitenge. Akatoa mto. Fides akapiga kelele kwamba ule mto wake! Boksi likaonekana, sifuri tupu. Béatrice akamwita Angelika. Angelika akatoa simu, akabonyeza, akabonyeza tena. Taa ikawaka. Friji likaanza. Watu wakapiga makofi kama kanisani.

Fides akamuuliza alijuaje boksi liko pale. Béatrice akasema hawezi kusema. Mzee Gaspari akauliza hawezi kwa nini. Akasema kazi yake haimruhusu. Nilimtazama. Hakunitazama.

Mzee Gaspari akakaa. Akaweka kofia gotini. Akamtazama Angelika kwa muda mrefu, kisha akamtazama Mugisho, kisha mimi, kisha Angelika tena. Akasema amesikia wanaume wengi wakiongea leo, yeye mwenyewe akiwemo, na aliyewasha taa ni huyu binti bila hata neno. Akasema huyo ndiye wanayemtaka Louisville, na wamchukue upesi. Vigelegele! Posa imepita. Harusi ni Mei, kule kwao.

Wakati wa chakula nilimkuta Béatrice jikoni peke yake mbele ya sufuria ya mbuzi. Nilisimama kama mwanafunzi. Akachota mchuzi kwa kijiko, akaonja, akafikiri.

"Mkalimani anasema chumvi imetosha," akasema.

Kisha akaniambia, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba na wao mwaka ule walivuka na bibi mgongoni, na baada ya simu yangu aliomba mapumziko akaenda kulia bafuni. Nikalia na mimi. Tukalia wote juu ya sufuria mpaka Fides akaja kutufukuza.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimetafakari kwa utulivu. Nimeona kwamba mpango wangu ulifanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho.

Bila simu yangu, Béatrice asingejua kalenda. Bila kalenda, Angelika asingeonyesha uwezo wake. Bila mto, umeme usingekatika. Ukiangalia vizuri, hakuna kitu nilichofanya ambacho hakikuhitajika. Nimemweleza Fides. Amehamia kulala sebuleni, na mto wake.

Fundi amerudi, Angelika amemrudisha alikotoka. Ameipanga luku ijilipe yenyewe kutoka kwenye simu yake, haitalia tena. Amenifanya nimuahidi kwamba sitaigusa, wala sitabadilisha muuzaji yeyote wa kitu chochote mpaka harusi ipite. Nimeahidi. Kwangu mimi habari ya kubadilisha imekwisha kabisa.

Kubadilishia wengine ni jambo jingine.

Ruberwa amesikia jinsi nilivyoongea na kampuni. Anasema mtu anayeweza kumshika ofisa kwenye simu kwa muda ule hapaswi kubeba maboksi ghalani. Amenipa koti la kampuni, kofia na tableti ya kuazima. Nitakuwa wakala wake. Mugisho ameomba na yeye apewe koti, akaambiwa asubiri. Asubiri sana!

Nikampigia Béatrice kumuuliza, kama mkwe kwa mkwe, wao Louisville wananunua umeme kwa nani. Akacheka. Akasema huko Kentucky hakuna cha kuchagua muuzaji wa umeme. Kampuni ni moja tu, ipo tangu zamani, unaichukua hiyo hiyo. Hajawahi kuona mtu mwenye meza na mwavuli anauza umeme.

Hajawahi kuona hata mmoja! Nikakata simu kwa furaha. Mji mzima, na sina mpinzani! Ruberwa mwenyewe anakiri hajawahi kuuza mkataba hata mmoja kule. Na mwezi wa Mei watu wetu wote wa Louisville watakuwa ukumbi mmoja, wamevaa vizuri, wamekula, hawana haraka. Nimeshaagiza meza ya kukunja. Nitaiweka karibu na keki, maana hapo kila mtu lazima apite. Baba wa binti akiinuka kutoa nasaha hakuna anayeweza kumkatisha, na nasaha zangu zitahusu umeme.

Angelika sijamwambia. Nataka iwe zawadi yake ya harusi.